Maswali na Majibu: Onyo Likae Wapi Kwenye Kihariri?

Barua nyingi za majuma haya zinahusu jambo moja: kihariri cha matini kinapoziita zana za nje, yaani kompaila (inayogeuza msimbo kuwa programu), linta (inayousoma msimbo na kutaja kasoro zake), kikagua tahajia na nyinginezo, maonyo yanayorudi yaonyeshwe wapi. Nimechagua maswali ambayo majibu yake yatawafaa wengi. Msimamo wangu wasomaji wa safu hii wanaujua: matini ni mali ya anayeandika, na zana iliyoalikwa kuikagua haina haki ya kuisogeza, kuifunika wala kuichanganya na maneno yake yenyewe.

Swali: Tangu niweke linta kwenye Neovim, kihariri kilichotokana na Vim, kila onyo linaandikwa mwishoni mwa mstari wenye kosa. Mwenzangu anatumia Visual Studio Code pamoja na kiendelezi cha Error Lens, naye anasema hapo ndipo mahali bora. Wewe unasemaje? (Msomaji wa Arusha)

Jibu: Hapo si mahali pa ujumbe mzima. Mstari wa msimbo wenye herufi 80 ukifuatwa na ujumbe wa herufi 100 hauenei kwenye dirisha lililogawanywa pande mbili, kwa hiyo ujumbe unakatwa, na kinachokatwa mara nyingi ndicho ulichokihitaji, kwa kuwa zana nyingi huanza na maelezo ya jumla na kumalizia na jina la kanuni iliyovunjwa. Mstari mmoja ukiwa na maonyo mawili au matatu, yanabanana na kusomeka nusunusu. Hata onyo moja likitosha kwenye nafasi iliyopo, jicho linalosoma msimbo haliwezi kuacha kulisoma, na litalisoma tena na tena hata baada ya wewe kuliona, kulielewa na kuamua kulishughulikia jioni.

Neovim yenyewe imebadili mpangilio huo: tangu toleo la 0.11, lililotoka Machi 2025, maandishi ya mwishoni mwa mstari hayaonekani mpaka mtumiaji ayawashe. Ikiwa bado unayaona, ama unatumia toleo la zamani, ama mipangilio yako imenakiliwa kutoka kwa mtu mwingine bila kusomwa. Toleo hilohilo lilileta pia njia ya kuonyesha ujumbe kwenye mistari ya ziada chini ya mstari wenye kosa. Hiyo naipinga zaidi kuliko ya kwanza, maana inaisukuma chini mistari halisi, na ukiagiza ionekane tu pale kielekezi kilipo, kila unapopanda au kushuka matini yote inaruka.

Ninachokitaka mimi ni alama ndogo kwenye pambizo ya kushoto, mstari mwembamba chini ya neno lenyewe, na ujumbe kamili pale tu unapouomba. Kwenye Neovim, kuanzia toleo la 0.10, Ctrl-W ikifuatwa na d inaufungua ujumbe kando ya kielekezi, na ]d inakupeleka kwenye onyo linalofuata, kwenye Visual Studio Code kitufe cha F8 kinafanya kazi zote mbili kwa mpigo mmoja. Jambo ambalo watu hulisahau ni kwamba pambizo hiyo inapaswa kuwepo daima. Kwa chaguo-msingi Vim na Neovim huifungua pale tu onyo la kwanza linapotokea na kuifunga la mwisho linapoondoka, na kila mara matini yote inahama safu mbili, kulia au kushoto, mbele ya macho ya mtu anayejaribu kusoma. Andika set signcolumn=yes, nafasi hiyo ikae wazi hata kama faili haina kosa lolote.

Swali: Je, ni vizuri onyo liibuke kwenye kidirisha katikati ya skrini kila ninapohifadhi faili? (Msomaji wa Kampala)

Jibu: Hapana, kwa sababu ndani ya wiki moja mkono wako utakuwa umejifunza kukifunga bila kukisoma.

Swali: Linta inasema kosa liko kwenye kigeu, lakini mstari wa mawimbi unaanzia katikati ya neno. Kwenye faili nyingine hali hiyo haitokei. Nibadilishe kihariri? (Msomaji wa Zanzibar)

Jibu: Kabla ya kubadilisha kihariri, tazama kama upande wa kushoto wa kosa, kwenye mstari uleule, kuna herufi isiyo ya ASCII, yaani iliyo nje ya herufi na alama za msingi za Kiingereza. Mstari uliouambatisha kwenye barua yako ni huu:

ujumbe = "Ng’ombe amepotea" + jina

Alama ya ritifaa iliyo kwenye neno Ng’ombe si ile iliyonyooka ya kwenye kibodi, ni ile iliyopinda, ambayo programu za kuandikia barua huiweka zenyewe bila kumuuliza mtu. Katika usimbaji wa UTF-8, njia moja ya kuzigeuza herufi kuwa namba za kompyuta, alama hiyo inachukua baiti tatu. Katika UTF-16, njia nyingine ya usimbaji, ambayo itifaki ya seva za lugha, yaani LSP, ile ambayo kihariri na zana huzungumza kwayo, imeitumia kuhesabia nafasi tangu Microsoft ilipoitangaza mwaka 2016, alama hiyohiyo ni kizio kimoja tu. Ukihesabu kwa kuanzia sifuri, neno jina linaanza kwenye nafasi ya 30. Linta yako inahesabu baiti, ikasema 32. Kihariri kikaichukua 32 kana kwamba ni vizio vya UTF-16, kikapiga mstari chini ya na badala ya jina. Kila mmoja amehesabu sawasawa kwa kipimo chake, na hakuna aliyemwambia mwenzake anatumia kipimo kipi.

Kwa sisi tunaoandika Kiswahili hitilafu hii hujificha kwa muda mrefu, kwa kuwa herufi zetu zote zimo ndani ya ASCII na kila moja ni baiti moja, mpaka siku anapotokea ng’ombe, ng’ambo au emoji, ambayo nyingi kati yake huchukua baiti nne na vizio viwili. Toleo la 3.17 la itifaki, la mwaka 2022, linaziruhusu pande mbili kukubaliana kipimo mwanzoni mwa mazungumzo. Sasisha programu-jalizi yako kwanza, ile inayoiunganisha linta na kihariri, kisha angalia tena.

Hukuuliza, lakini sikiliza: mahali ambapo mstari wa mawimbi umekaa kombo, usikubali kamwe kubofya marekebisho ya moja kwa moja. Marekebisho yanatumia namba zilezile zilizopotoka, kwa hiyo yatafuta herufi mbili zisizo na hatia na kuziacha mbili zilizokusudiwa, na kwenye faili ndefu huenda usigundue.

Swali: Kwenye Vim, matokeo ya linta niyaweke kwenye orodha ya quickfix au kwenye orodha ya dirisha? (Msomaji wa Eldoret)

Jibu: Orodha ya quickfix ni moja kwa Vim nzima, nayo imekuwepo kwa ajili ya kazi maalumu: unaendesha :make, kompaila inakagua mradi wote, na makosa yanapangwa mahali pamoja ili uyapitie kwa :cnext moja baada ya jingine. Nyaraka za Vim zinaeleza kwamba wazo hilo lilitokana na kompaila ya Aztec C ya kampuni ya Manx kwenye kompyuta za Amiga. Orodha ya dirisha, inayofunguliwa kwa :lopen, ni ya dirisha moja tu.

Kipimo ni nani aliyeagiza. Ulichokiagiza mwenyewe kwa kujua, kama vile :make au :grep, kiende kwenye quickfix. Kinachoendeshwa nyuma ya pazia kila unapohifadhi faili kiende kwenye orodha ya dirisha. Umetafuta jina la kitendakazi kwa :grep, umepata mahali hamsini pa kurekebisha, umefika pa tisa, umehifadhi faili, na linta isiyo na adabu imeyafuta matokeo yako yote na kuweka malalamiko mawili kuhusu nafasi tupu mwishoni mwa mstari. Vim huzihifadhi orodha kumi za mwisho, kwa hiyo :colder itakurudishia ya kwako, lakini kazi ya kuokoa isingehitajika kama kila mmoja angekaa mahali pake. Watumiaji wa kihariri cha Emacs wana mgawanyo uleule: M-x compile ina bafa yake, yaani ukurasa wake wa matini, na Flymake, inayokagua nyuma ya pazia, ina yake.

Swali: Paneli ya makosa iko tupu kabisa, lakini nikiendesha hati yangu ya shell kwenye terminali inakataa. Paneli inadanganya? (Msomaji wa Mwanza)

Jibu: Hili ndilo swali ambalo ningependa watengenezaji wa vihariri walisome kuliko mengine yote. Paneli tupu inaweza kuwa na maana nyingi: kwamba zana imekagua na haikuona kosa, kwamba bado inakagua, kwamba imeanguka njiani, kwamba haijasakinishwa, au kwamba imekagua ile nakala uliyohifadhi jana na si hii iliyo mbele yako. Ni hali ya kwanza tu inayokupa ruhusa ya kutulia. Kihariri kinachozionyesha hali zote hizo kwa weupe uleule kinampotosha mtumiaji wake, hata kama hakuna neno la uongo lililoandikwa.

Anza na mambo mawili. Kwanza, je, kihariri kinaiona zana? Kihariri kilichofunguliwa kwa kubofya ikoni mara nyingi hakirithi PATH (orodha ya folda zinamotafutwa programu) ile uliyoipanga kwenye terminali, hasa kwenye macOS, kwa hiyo ShellCheck, linta ya hati za shell, inapatikana ukiiandika mwenyewe na haipatikani kihariri kinapoiita. Pili, je, programu-jalizi inaielewa namba ambayo zana huirudisha inapomaliza? ShellCheck hurudisha 0 ikiwa haina la kusema, 1 ikiwa imeona matatizo, na 2 ikiwa kuna faili ambazo haikuweza kuzishughulikia. ESLint, linta ya JavaScript, nayo hurudisha 1 ikikuta makosa na 2 ikiwa mipangilio yake yenyewe ni mibovu. Programu-jalizi nyingi zilizoandikwa kwa haraka huchukua namba yoyote isiyo sifuri kuwa ni "kuna makosa", huyatafuta makosa hayo kwenye matokeo, hazioni mstari wowote unaofanana na onyo, kisha huonyesha orodha tupu. Hivyo ndivyo faili moja ya mipangilio yenye mkato uliokosewa inavyoweza kuizima linta kwa miezi huku kila mtu akifurahia usafi wa msimbo wake.

Upau wa hali ndio mahali pa kusema habari hii. Flymake ya Emacs inastahili sifa hapa: inaonyesha idadi ya makosa na maonyo, inaandika Wait wakati bado kuna kikaguzi ambacho hakijaripoti, alama ya mshangao ikiwa vikaguzi vyote vimejiondoa kwa hitilafu, na alama ya kuuliza ikiwa hakuna kikaguzi kinachohusika na faili hiyo. Nafasi ya herufi chache inatosha. Ikiwa kihariri chako hakina kitu cha namna hiyo, jizoeze kufanya jaribio hili kila unapokaa kwenye mashine mpya: andika kosa la makusudi, hifadhi, tazama kama alama inatokea, kisha lifute.

Swali: Nizime vipi maonyo yote? (Wasomaji wengi)

Jibu: Nimeshajibu swali hili kwenye safu hii, na linarudi kila mara likiwa vilevile, bila kutajwa zana, lugha wala onyo linalokera. Sitatoa amri ya kuzima yote. Anayesumbuliwa na onyo moja alitaje kwa namba yake nasi tutazungumza.

Maonyo yanazimwa mahali padogo kuliko pote panapowezekana, yaani kwenye mstari husika, kwa namba ya onyo, pamoja na sababu iliyoandikwa. Kwa ShellCheck, onyo likiwa la kigeu kisicho na alama za nukuu, ni maoni ya # shellcheck disable=SC2086 juu ya mstari wenyewe, na chini ya maoni hayo andika kwa nini kigeu hicho kimeachwa bila alama za nukuu. Ukilizima kwenye mipangilio ya mradi mzima umewafunga macho wenzako wote, pamoja na wale watakaokuja baada yako wasijue kwamba kulikuwa na kitu cha kuona.

Lipo pia kundi la pili, la wale wasiozima onyo bali hubadilisha msimbo mpaka onyo liondoke, nao ni wa hatari zaidi. Mwaka 2006 mtunzaji wa kifurushi cha OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, katika mfumo wa Debian aliondoa sehemu ya msimbo ambayo Valgrind, zana inayofuatilia matumizi ya kumbukumbu, ilikuwa ikiilalamikia kwa kutumia kumbukumbu isiyojazwa thamani. Malalamiko yakaisha. Kilichoondoka pamoja nayo ni ile njia iliyokuwa ikitia unasibu, yaani hali ya kutotabirika, ndani ya kizalisha namba, na kilichobaki kubadilika kutoka ufunguo mmoja hadi mwingine ni namba ya mchakato tu, ambayo kwa kawaida haizidi 32,768. Funguo zote zilizotengenezwa kwa kifurushi hicho kwenye Debian na mifumo iliyotokana nayo, Ubuntu ikiwemo, zilikuwa zinaweza kukisiwa mpaka tatizo lilipotangazwa Mei 2008. Valgrind ilisema kweli kuhusu mstari ule. Mstari ule ulikuwa tu mahali dalili ilipojitokeza, na maana ya kilichokuwa kikifanyika ilikuwa mbali na hapo. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba ujumbe wa onyo uonyeshe pia sehemu nyingine zinazohusika: thamani ilitangazwa wapi, ilipitia wapi, inatumika wapi. LSP ina nafasi ya taarifa hizo ndani ya kila onyo, na bado seva nyingi huiacha wazi na vihariri vingi haviionyeshi hata inapojazwa.

Swali: Maonyo yatumie rangi gani? (Msomaji wa Muscat)

Jibu: Yoyote, mradi kosa na onyo vitofautiane pia kwa umbo la alama, kwa kuwa wapo wanaume wengi wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani.

Swali: Ninapoandika, mstari wa mawimbi unatokea kabla sijamaliza hata neno. Ni lazima? (Msomaji wa Bujumbura)

Jibu: Si lazima, na haifai. Sentensi ambayo haijakamilika haina kosa, haijakamilika tu, na kompaila inayolalamikia mabano yasiyofungwa wakati kidole kiko njiani kwenda kuyafunga haijakufundisha chochote. Neovim husubiri mpaka utoke kwenye hali ya kuandika na kurudi kwenye hali ya amri, na hiyo ndiyo chaguo-msingi yake. Mwenye kuibadilisha kwa update_in_insert amejitakia. Kwenye vihariri visivyo na hali hizo mbili, agiza ukaguzi ufanyike unapohifadhi faili.

Tusichanganye hilo na kusubirishwa. Zamani ukaguzi ndani ya Vim uliigandisha skrini mpaka linta imalize, ndiyo maana watu waliizima. Tangu Vim 8 ya Septemba 2016 kazi inaweza kuendeshwa kando huku wewe ukiendelea. Lakini ukaguzi wa kando una sharti lake: ukiongeza mistari mitatu juu ya faili wakati linta bado inakagua nakala ya awali, matokeo yakirudi yanahusu matini ambayo haipo tena. Kihariri chenye heshima huyatupa matokeo hayo na kuagiza ukaguzi upya, au huzifungamanisha alama na matini ili zihame nayo. Kihariri kinachozibandika kwenye namba ya mstari wa zamani kitakuonyesha kosa kwenye mstari usio na kosa, nawe utapoteza muda ukiutazama.

Swali: Mkuu wetu wa kitengo anataka maonyo yote yakusanywe usiku na kutumwa kwa barua pepe asubuhi, ili vihariri vyetu vibaki safi. Je, yuko sahihi? (Msomaji wa Nairobi)

Jibu: Mkuu wako anarudia jaribio ambalo matokeo yake yanajulikana. Katika makala ya mwaka 2019 kwenye jarida la Communications of the ACM, wahandisi wa Facebook walieleza jinsi walivyoanza kuitumia zana yao ya Infer mwaka 2014. Mwanzoni ilikagua msimbo wote usiku, ikatoa orodha ya kasoro, na kasoro hizo wakagawiwa wahusika wazishughulikie. Kiwango cha kurekebishwa kilikuwa karibu na sifuri. Kisha wakaiunganisha na mapitio ya msimbo, maoni yake yakawa yanatokea kwenye badiliko lenyewe wakati mwandishi wake bado analo kichwani, na kiwango cha kurekebishwa kikapanda hadi zaidi ya asilimia 70. Zana ilikuwa ileile, na kiwango cha maonyo ya uongo kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni mahali na wakati wa kuonyesha. Google nao, katika jarida hilohilo mwaka 2018, walisimulia kwamba jaribio lao la kuweka matokeo ya zana ya FindBugs kwenye ukurasa wa pekee, nje ya njia ya kila siku ya wahandisi, halikufua dafu.

Mtu aliyefungua kitendakazi saa nne asubuhi ana sababu zote za kurekebisha kosa lililo humo. Mtu huyohuyo akipewa kesho yake orodha ya makosa mia mbili ya faili alizokwisha kuzifunga, atalazimika kurudi kwenye mawazo aliyokwisha kuyaacha, na wengi hawarudi. Simlaumu anayeshindwa kurudi, namlaumu aliyepanga hivyo.

Hata hivyo, sisemi kwamba kila zana iingie kwenye kihariri. Ukaguzi unaohitaji kupitia mradi mzima kwa dakika kadhaa uwekwe kwenye mapitio ya msimbo, kama walivyofanya Facebook. Kinachomalizika ndani ya sekunde moja au mbili na kinachohusu faili iliyo wazi kikae kwenye kihariri. Mwambie mkuu wako pia kwamba Google waliziwekea zana za mapitio masharti magumu, likiwemo la kutozidi asilimia 10 ya maonyo ambayo watengenezaji wa programu wenyewe wanayaona hayana faida. Hilo ndilo la kuiga, kwa sababu vihariri vyenu vitabaki safi zana zikichujwa, wala hakutakuwa na haja ya kuzificha.

Swali: Naandika nyaraka na maoni ya msimbo kwa Kiswahili. Kikagua tahajia cha Kiingereza kimeupaka ukurasa mzima mawimbi. Nifanye nini? (Msomaji wa Dodoma)

Jibu: Weka lugha kwa kila faili, au angalau kwa kila folda, na usiiweke kwa kihariri kizima. Kamusi ya Kiswahili ya Hunspell, programu ya kukagua tahajia, ipo, inaitwa sw_TZ, na LibreOffice huja nayo. Vihariri vingi vinavyoitegemea Hunspell vinaweza kuelekezwa kwenye faili hiyo. Itakupunguzia mawimbi mengi, ingawa haitayamaliza, kwa sababu kitenzi chetu hubeba mtenda, wakati, mtendwa na mnyambuliko ndani ya neno moja, na orodha ya maneno haiwezi kuwa na watakaowapelekea, tuliyoyazungumzia na wenzake wote. Kwa hiyo utaendelea kuongeza maneno kwenye kamusi yako binafsi, na nakushauri kamusi hiyo uihifadhi pamoja na mradi ili wenzako wafaidike nayo.

Jambo kubwa zaidi ni daraja. LSP ina ngazi nne za ukali: kosa, onyo, taarifa na dokezo. Tahajia haistahili kupanda juu ya taarifa, na haistahili kabisa kuhesabiwa pamoja na makosa ya kompaila kwenye upau wa hali. Nimeona miradi ambayo upau unaonyesha matatizo mia tatu, karibu yote yakiwa maneno halali ya Kiswahili, na ndani yake mna kosa moja la kweli ambalo hakuna anayeliona. Kwa mwandishi wa Kiswahili maneno hayo mia tatu si makosa hata kidogo, na inaniudhi kwamba bado tunalazimika kuyatetea mbele ya zana zetu wenyewe.

Swali: Ninaandika zana yangu ndogo ya kukagua faili za tafsiri. Nitoe matokeo kwa muundo gani ili kihariri chochote kiyaelewe? (Msomaji wa Goma)

Jibu: Kila onyo mstari wake, kwa mpangilio wa GNU: jina la faili, nukta mbili, namba ya mstari, nukta mbili, namba ya safu, nukta mbili, ujumbe. Vim, Emacs na Visual Studio Code zote zinaweza kuusoma mpangilio huo, aidha bila kuelekezwa au kwa mstari mmoja wa mipangilio. Mistari na safu zihesabiwe kuanzia moja. Wanaohesabu kuanzia sifuri ni LSP, na kazi ya kubadilisha ni ya programu-jalizi, si yako. Sema wazi kwenye nyaraka kama safu zako ni baiti au herufi, ili ng’ombe wa Zanzibar asimpate na msomaji wa Goma.

Anza ujumbe na jambo lenyewe: jina la kifungu kisichotafsiriwa liwe neno la kwanza, maelezo yafuate, kwa kuwa mwisho wa ujumbe ndio hukatwa. Kila aina ya onyo ipe namba ya kudumu ambayo hutaibadilisha toleo likipanda, ili wanaolizima kwa namba wasikute siku moja wamezima kitu kingine. Usiweke rangi kwenye matokeo yasiyokwenda kwenye terminali, maana alama za rangi zitaingia ndani ya jina la faili na kihariri hakitaipata. Zana ikikua na matokeo yake yakihitaji kusomwa na mifumo ya mapitio, ongeza muundo wa SARIF, muundo sanifu wa matokeo ya zana za ukaguzi, ambao toleo lake la 2.1.0 liliidhinishwa na shirika la viwango la OASIS mwaka 2020, lakini usiondoe ule wa mstari mmoja. Na programu inapomaliza irudishe 0 ikiwa haikuona kosa, 1 ikiwa imeona, na 2 ikiwa imeshindwa kukagua. Hiyo 2 uiandikie pia sentensi moja ya sababu kwenye mkondo wa makosa, ikitaja faili iliyoshindikana kusomwa.